Jiko Lililowaka Mbele ya Wageni

Jiko letu lilikuwa na unafiki, na mimi sina uvumilivu na wanafiki. Mbele ya wageni liliwaka vizuri, maji yakazunguka, rejeta za ukutani, yale mabati ya maji ya moto yanayopasha vyumba joto, zikapata moto mpaka watu wakavua masweta. Wageni wakiaga, hata uzio hawajaufikia, tayari limenuna. Moto unafifia, kioo cha mlango wake kinageuka cheusi, na moshi unaanza kutoka kwenye kila upenyo kutafuta macho yangu.

Mwaka mwingine ningelivumilia. Mwaka huu sikuweza, kwa sababu mke wangu Azemina alikuwa hospitalini katika mji wa Zenica na binti yetu, aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo hata kofia ya kwanza aliyofumiwa na mama yangu ilimfunika mpaka kidevuni. Mtoto huyo tulimsubiri miaka na miaka, mpaka watu wakaona haya kutuuliza. Daktari alisema kwa kifupi: atatoka akifikisha uzito, na ataingia kwenye nyumba yenye joto la kudumu, si joto la kuja na kuondoka. Azemina akaongeza la kwake kwenye simu.

"Mensur, nyumba ikiwa baridi, mimi na mtoto tunakwenda kwa dada yangu hapa hapa Zenica, mpaka theluji iyeyuke. Sikutishi. Nakwambia tu."

Theluji ya kijiji chetu, Gornji Lug, huyeyuka Aprili, tena ikipenda. Na dada yake Azemina hajawahi kunipenda. Mtu akishazoea ghorofa linaloletewa joto na bomba la mji, bila kupasua kuni wala kuzoa majivu, atarudi huku mlimani kufanya nini? Niliogopa, nasema ukweli. Niliona binti yangu akijifunza kutembea kwenye zulia la shemeji.

Na si kwamba sikujiandaa. Majira yote ya joto nilikuwa mbio. Niliyang'oa madirisha ya mbao aliyoyapachika marehemu baba, yaliyokuwa na nyufa za kupitisha kidole, nikaweka ya plastiki yenye vioo viwili, yanayofunga kimya hata jogoo wa jirani humsikii. Nikaleta jiko jipya lenye tanki la maji mgongoni: unapika juu yake, unaoka mkate tumboni mwake, na maji yake ya moto yanazunguka nyumba nzima. Fundi Zijad alilifunga kwa siku mbili, akatoboa ukuta hapa na pale, akapachika mabomba na pampu, akanywa kahawa yetu yote, kisha akaondoka kwenda Austria kutafuta maisha kama nusu ya wanaume wa kijiji hiki. Kuni zangu zilikuwa za bukva, mti mgumu kuliko kichwa cha mjomba wangu, zimepasuliwa na kupangwa chini ya paa upande wa jua tangu mwaka juzi. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mtu akiniambia sijui kuni, ni kama amenitukania ukoo.

Na hilo ndilo alilonitukania Hilmo, jirani yetu, mchimba makaa mstaafu, siku ya kwanza nilipomwita aje aone.

Hilmo alifika akihema. Pale mlangoni akaanza kuvua mabuti, kazi inayomchukua muda kwa sababu ya mgongo, na muda wote huo mlango uko wazi, theluji inachungulia ndani. Akaingia na soksi zake, akausukuma mlango kwa kisigino bila kugeuka, ukabaki na upenyo. Ndivyo alivyo. Tangu nimjue hajawahi kufunga mlango ukafungika.

"Hilmo, mlango!" mama akapiga kelele kutoka kwenye kochi lake la mbao. "Kwenu hamna milango?"

"Ipo, Rabija, ipo. Lakini hatuigombezi."

Lazima niseme jambo kuhusu mama yangu. Kwake yeye adui wa binadamu si kisukari wala si vita, ingawa vyote viwili vimepita nyumbani mwetu. Adui ni promaja, ule upepo unaoingia kwa mlango huu na kutokea kwa dirisha lile, ukimkuta mtu katikati. Promaja hupindisha shingo, huziba masikio, hugandisha figo. Mwezi wa saba, ndani ya basi, watu wanatota jasho, mtu akifungua madirisha mawili pamoja, mama atasimama na kuyafunga, na basi zima litamshukuru. Msinicheke. Sisi sote tuko hivyo. Mimi mwenyewe nikiuhisi shingoni huhama kiti. Lakini mama alitupita wote. Kwa heshima ya mgeni hakuinuka kwenda kuufunga ule mlango, ila alijifunga shali mpaka masikioni na kumtazama Hilmo kama mtu anayemtazama mwizi wa kuku.

Hilmo akachuchumaa mbele ya jiko. Na jiko, lililokuwa likinitemea moshi tangu alfajiri, likaanza kunguruma taratibu kwa raha. Ndimi za moto zikasimama. Kipimo cha joto cha tanki kikapanda mpaka nyuzi sabini.

"Sasa tatizo liko wapi?" Hilmo akauliza.

"Lilikuwa linatoa moshi! Muulize mama!"

"Lilikuwa linatoa moshi," mama akasema.

Hilmo akachukua vipande viwili vya kuni, akavigonganisha, akavinusa. "Kuni mbichi hizi, Mensur."

"Mbichi? Mimi nafanya kazi kiwanda cha mbao!"

"Ndiyo maana. Nzuri mnauza, mbaya mnachoma."

Nilitaka kumtupa nje na mabuti yake. Badala yake nikamwekea kahawa, maana ndiyo adabu, akanywa mbili, akala mkate wa jibini wa mama, akaaga. Mama akaufuata mlango nyuma yake, akaufunga mpaka ukalia. Tulipokuwa tukiosha vikombe jiko likakohoa, na moshi ukajaa jikoni.

Basi nikaanza kuhangaika, na kila kilichosemwa nilikifanya. Niliingiza brashi kwenye dohani mpaka nikatoka mweusi, nikazoa masizi ya kujaza ndoo. Nilifungua sahani ya juu ya jiko na kukuta njia za moshi zimepakwa utando mweusi unaonata kama lami, nikaukwangua kwa bisibisi huku nikilaani kila aliyeutengeneza ulimwengu wa chuma. Nikawasha. Likawaka, maana wakati huo nilikuwa natoka na kuingia na ndoo za majivu. Nikasema alhamdulillahi, nikakaa, nikafunga mlango, nikanyoosha miguu. Likanuna.

Hilmo akarudi na rai mpya: kuna hewa kwenye rejeta. Akaniletea kifunguo chake kidogo cha shaba, nikapita chumba hadi chumba nikifungua vijipua vya pembeni mwa rejeta, hewa ikatoka ikipuliza kama paka aliyekanyagwa, kisha maji yakatiririka. Presha ya maji ikashuka, nikaongeza maji. Rejeta ambazo zilikuwa na moto juu na baridi chini zikapata moto kote. Na jiko, Hilmo akiwa ameketi hapo na mlango wake wenye upenyo, likawaka kama linaposwa.

"Unaona?" Hilmo akasema. "Ilikuwa hewa."

Ilikuwa hewa kweli, lakini si ile aliyodhani, na mimi sikujua. Alipoondoka mambo yakawa yale yale. Nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe. Pengine moshi nauona peke yangu? Lakini mama alikuwa akikohoa, na mimi kichwa kilikuwa kikinigonga kila jioni, nikadhani ni mawazo. Nilifungua dirisha kutoa moshi, moto ukafufuka papo hapo, lakini nani atawaza hilo wakati macho yanamwaga machozi na mama anapiga kelele nyuma yako, "Funga! Promaja! Unataka kuniua?" Nilifunga. Ukafa tena.

Nikampigia simu Zijad huko Austria. Alikuwa juu ya paa la mtu, nilisikia upepo.

"Pampu inazunguka?"

"Inazunguka."

"Isianze kuzunguka maji yakiwa baridi. Acha tanki lipate moto kwanza, la sivyo jiko linatoka jasho ndani na kufanya lami."

"Nimefanya hivyo."

"Kile kibati cha hewa cha chini kinachoning'inia kwenye mnyororo, kinafunguka?"

"Kinafunguka, kinafunga, kinacheza ngoma. Zijad, ninakufa hapa!"

"Na lile tundu langu la ukutani, liko sawa?"

Tundu? Ilibidi nifikirie. Alitoboa mengi. Nikamgeukia mama, aliyekuwa akitandaza unga wa mkate mwembamba juu ya meza nzima. "Mama, tundu la Zijad lipo?"

"Lipo," akasema bila kuinua macho. "Tundu litakwenda wapi?"

"Lipo," nikamwambia Zijad.

"Basi sijui," Zijad akasema. "Sijawahi kuona."

Fundi akishasema hajawahi kuona, mtu unabaki na nani? Nilikaa chini nikalitazama jiko, na jiko likanitazama kwa kile kioo chake cheusi. Nikawaza mambo ya aibu. Niliwaza labda kuna mtu ametutia jicho kwa sababu ya mtoto. Mama alikuwa amewaza hivyo kabla yangu. Nikakuta kitunguu saumu kimefungwa kwa uzi mwekundu kwenye mpini wa jiko. Sikukitoa. Nilichofanya ni kukisogeza kisiungue.

Jumanne Azemina akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na furaha ya kuogopa.

"Amefikisha. Alhamisi wanatutoa. Mensur, nyumba ina joto?"

"Ina joto," nikasema.

Nilipolisema hilo nilikuwa nimevaa koti. Na kama kawaida ya mwongo, kikohozi kikanishika pale pale, kimoja, kingine, kikakataa kuisha.

"Hicho ni kikohozi cha moshi," Azemina akasema polepole.

"Ni mafua."

"Mpe simu mama."

Nikampa. Mama hajui kudanganya kwenye simu, anaamini simu inaona. Akasema, "Mwanangu, linawaka. Akija mtu linawaka." Kisha akasema, "Hapana. Tukiwa wenyewe, hapana." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akanirudishia simu. Azemina alikuwa amekwisha kata.

"Anakwenda kwa dada yake," mama akasema. "Mimi nitamwona lini, Mensur? Aprili? Unajua mimi Aprili nitakuwa wapi?"

"Usiseme hivyo."

"Ninasema. Mjukuu wangu wa kwanza, na wa mwisho pia kwa umri wenu. Nimemtengenezea kila kitu. Kitanda chake cha kubembea nimekisugua mwenyewe kwa maji ya sabuni. Rekebisha hilo jiko."

Nikalirekebisha tena, kwa hasira safari hii. Asubuhi ya Jumatano nilianza upya kila kitu nilichokwisha kukifanya, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni kwa mara ya kumi. Masizi, kibati, mnyororo, pampu, rejeta. Mama alikuwa amekwenda kwa mke wa Hilmo kuazima blanketi. Nilipofika kwenye rejeta iliyo kando ya kochi lake, vidole vyangu vikiwa vimekufa kwa baridi, kifunguo cha shaba kikaniponyoka, kikabiringika chini ya kochi. Nililitukana kochi, nikalitukana na jiko, nikamtukana na Zijad. Kisha nikalivuta lile kochi zito katikati ya jikoni, jambo ambalo nilidhani hakuna mtu alikuwa amelifanya tangu Zijad aondoke.

Nyuma yake, karibu na sakafu, kulikuwa na tundu la ukubwa wa kisosi cha kikombe. Wavu wake wa bati ulikuwa umetolewa na kuegeshwa pembeni kwa unadhifu. Na ndani ya tundu, kimesokomezwa kwa nguvu mpaka hakuna hata uzi wa mwanga uliopita, kulikuwa na kizibao cha mama cha manyoya ya kondoo, kile ambacho tangu mwanzo wa baridi alidai kimeliwa na nondo.

Nilikivuta. Kilikataa, nikakivuta kwa mikono miwili, kikatoka, na upepo wa mlimani ukanipiga usoni. Nyuma yangu jiko likanguruma. Niligeuka nikiwa nimepiga magoti, kizibao mkononi. Hapakuwa na mgeni. Mlango ulikuwa umefungwa. Na moto ulikuwa umesimama wima nyuma ya kile kioo, mweupe, ukila kuni zangu kavu kwa furaha.

Sikuelewa kwa haraka. Nilikirudisha kizibao tunduni, moto ukashuka taratibu. Nikakitoa, ukapanda. Nikakirudisha, nikakitoa. Mama alinikuta katika mchezo huo, blanketi la watu begani.

"Umelisogeza kochi langu," akasema.

"Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Uliyeziba tundu!"

"Nimeliziba, ndiyo. Sasa niliache wazi? Mwendawazimu gani anajenga nyumba, ananunua madirisha ya bei ile, halafu anatoboa ukuta promaja iingie? Nilidhani Zijad amekosea. Nilimwonea haya kumwambia."

"Jiko linapumua hapo! Zamani lilipumulia kwenye nyufa za madirisha ya baba. Sasa nyufa hakuna, ila mgeni akiacha mlango wazi! Nimekuuliza, ukasema tundu lipo!"

"Lilikuwepo. Si hilo hapo?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kupasua kuni za mwaka mzima, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilimwambia kwamba wiki zote hizo nimetambaa kama mdudu kwenye masizi kwa ajili ya kizibao. Nilimwambia kwamba Azemina hatakuja kwa sababu yake. Hilo la mwisho nilipaswa kulimeza. Mama akaketi kwenye kochi pale pale lilipokuwa, katikati ya jikoni, mahali pasipo pake, akaonekana mdogo.

"Kitanda cha mtoto kingekaa pale," akasema, akionyesha mahali palipo karibu na jiko. "Tundu lile linamtazama. Usawa wa kichwa chake."

"Mama, ni upepo tu."

"Rifet pia ilikuwa upepo tu."

Nilijua kwamba kabla yangu alikuwepo mtoto. Kuna kaburi dogo juu ya nyumba ambalo mama hulifagia, na baba hakuwahi kulizungumzia, na mimi nikajifunza kutouliza. Jina lake nilikuwa nimelisikia labda mara mbili.

"Nilikuwa naingiza kuni," mama akasema. "Mikono imejaa. Mlango wa mbele nikauacha wazi, na wa nyuma nikauacha wazi, nisiwe nafungua na kufunga. Yeye alikuwa kitandani mwake katikati. Jioni akawa moto. Ijumaa tukamzika. Hakuna aliyenilaumu, wewe usidhani. Mama wa baba yako alikuja, akaangalia mlango huu, akaangalia ule, akasema, 'Promaja.' Basi. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Na mimi sijaacha mlango wazi tena."

Sikujua kilichomuua Rifet. Mpaka leo sijui. Labda ilikuwa homa ya mapafu, labda ilikuwa kitu ambacho daktari, kama angekuwepo wa kumpelekea, angekitaja kwa jina refu. Labda ilikuwa kweli upepo. Mimi nani wa kuapa kwamba sivyo, mimi ninayehama kiti basini? Nilikaa kando yake. Nikajaribu kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia nami sielewi.

"Mama, moto ukikosa hewa unatoa sumu. Haina rangi, haina harufu. Ndiyo iliyokuwa inatuumiza vichwa. Watu wanalala, hawaamki. Mtoto mdogo kama yule ndiye wa kwanza."

Akanitazama. "Unaniambia kwamba ningemuua."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Kwa kuziba." Akaangalia kizibao chake mapajani mwangu. "Yule nilimuua kwa kufungua, na huyu ningemuua kwa kufunga."

"Mama."

"Upepo unaua, na kukosa upepo kunaua. Basi mtu akae wapi, Mensur? Nambie mahali pa kukaa."

Nilimshika mkono, uliopoa kwa baridi, na tukakaa hivyo tukilitazama jiko likiwaka bila mgeni yeyote. Rejeta zikaanza kugonga gonga zikipokea maji ya moto. Baada ya muda nilivua koti. Nikampigia Azemina, nikamwambia kila kitu isipokuwa Rifet, maana hilo halikuwa langu. Akasema, "Nipe mama." Sijui walichoongea; mama alikwenda nayo simu chumbani na kufunga mlango, bila shaka.

Alhamisi nilikwenda Zenica kuwachukua. Niliendesha gari kama niliyebeba mayai. Nilipomwacha mama nyumbani nilimwambia mara mbili, tundu lisiguswe, nitamwomba Zijad akirudi majira ya joto alihamishie nyuma ya jiko. Alitikisa kichwa kukubali, na njia nzima ya kwenda na kurudi sikumwamini.

Tuliingia haraka, mimi na mabegi, Azemina na mtoto aliyefunikwa mpaka puani, na nyuma yetu nikaufunga mlango mimi mwenyewe. Jikoni kulikuwa na joto la kweli. Azemina alisimama katikati, akavua shali, akalitazama jiko, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu vuli nikaona mabega yake yakishuka. Kitanda cha kubembea kilikuwa pale pale mama alipotaka kiwe. Nikaangalia ukutani haraka, na sikuliona tundu.

Mbele ya tundu alikuwa ameketi mama. Hakuwa kwenye kochi, alikuwa kwenye kile kigoda cha kukamulia ng'ombe, chini kabisa, mgongo ukielekea ukutani, uso ukielekea kitandani. Alikuwa amevaa kizibao cha manyoya, na juu yake shali, na juu ya shali lile blanketi la kuazima.

"Mama, umeliziba tena!"

"Sijaliziba. Pitisha mkono."

Nilipitisha mkono nyuma yake. Alikuwa ameacha nafasi ya kiganja kati ya mgongo wake na ukuta, na upepo ulikuwa ukiingia, wa baridi kama chuma, ukimpiga kwenye figo na kuzunguka pande zote mbili kwenda kwenye jiko. Kwa mwanamke yule, nakwambia, afadhali ungemwambia aketi juu ya makaa.

"Utapinda mgongo, mama," Azemina akasema. "Njoo ukae kwenye kochi. Kitanda tutakisogeza kule kwenye kona."

"Kule mbali, joto halifiki. Mlaze hapa." Alinyoosha mikono, na Azemina akampa mtoto kwanza amshike. Mama alimtazama muda mrefu, akamnong'oneza kitu sikioni, kisha akamlaza kitandani na kuanza kubembeza kwa mguu. "Jiko linapumua?"

Niliangalia moto. "Linapumua."

"Basi mniache. Upepo uingie, ila upite kwangu kwanza."

Alikaa pale majira yote ya baridi, kila mtoto alipokuwa kitandani, na shingo ikampinda kweli, mpaka leo hugeuka na mwili mzima kukuangalia. Siku ile hakuna aliyebishana naye. Mtoto alikuwa amelala, kofia imemfunika nyusi.

"Usisimame hapo kama nguzo," mama akaniambia. "Tia kuni."

Nikatia kuni.